Darubini Yaona Mbingu Kiasi Gani?

Kila mwaka, jioni ya tarehe 29 Shaabani na tena jioni ya tarehe 29 Ramadhani, macho ya watu wa visiwani huelekea magharibi. Wavuvi hutazama wakiwa baharini, wazee hukaa mbele ya misikiti ya pwani, na vijana hupanda juu ya madari. Halafu simu huanza kulia. Mtu wa Micheweni humpigia wa Mkoani. Wa Mkoani huwa amekwisha pata habari kutoka Tanga. Na yule wa Tanga huenda akasema kwamba jamaa yake aliyeko Sindeni, huko kati ya Handeni na Korogwe, ameuona mwezi kwa darubini. Au kwamba ameletewa picha. Kabla ya sala ya Isha habari imekwisha enea, na nusu ya watu wanaisadiki, nusu wanaikataa.

Sisi hatumo katika kutoa hukumu ya dini. Hiyo ni kazi ya masheikh, ya Ofisi ya Mufti kwa upande wa Zanzibar, na ya Baraza Kuu la Waislamu, BAKWATA, kwa upande wa Bara. Kwamba Waislamu wa nchi yetu hawafungi wala hawafungui wote siku moja ni jambo linalojulikana, na kila upande una hoja zake. Tunalotaka kulisema leo ni dogo kuliko hilo, nalo ni la hesabu. Ushahidi wa mwezi siku hizi haubebwi na jicho peke yake. Hubebwa pia na vyombo. Na vyombo hivyo hununuliwa kwa fedha nyingi na watu binafsi, na jumuiya, na shule, na ofisi za Serikali, ilhali karibu kila anayekwenda kununua huwa na swali moja tu mdomoni: "Ndugu, hii inakuza mara ngapi?"

Swali hilo si baya, lakini halitoshi, na mara nyingi ndilo linalompoteza mnunuzi. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: chombo hiki kinaona mbingu kiasi gani kwa mara moja? Kiasi hicho, ambacho hupimwa kwa digrii, tutakiita upana wa mwono. Ajabu yake ni kwamba vitu hivi viwili huvutana kama watu wawili walioshika kamba moja. Kadiri darubini inavyozidi kukuza, ndivyo kipande cha mbingu kinachoonekana ndani yake kinavyozidi kuwa kidogo.

Tuanze na kipimo ambacho kila msomaji anacho. Nyoosha mkono mbele yako, ukunje ngumi. Upana wa ngumi hiyo mbele ya jicho lako ni kama digrii 10. Kidole cha mwisho, mkono ukiwa bado umenyooshwa, ni kama digrii 1. Na mwezi mpevu, ambao wengi hudhani ni mkubwa sana unapochomoza nyuma ya minazi, una upana wa nusu digrii tu. Asiyeamini na ajaribu mwenyewe: aufunike mwezi kwa kidole chake cha mwisho, na ataona kwamba mwezi umepotea wote na nafasi imebaki. Jua nalo, tukilitazama kwa kinga ya macho inayofaa, ni la upana huo huo.

Sasa tumchukue mtu aliyesimama Chake Chake na mwingine aliyesimama Sindeni. Miji hiyo miwili iko karibu katika mstari mmoja wa latitudo, digrii 5 na kitu kusini ya Ikweta, na Sindeni iko takriban digrii moja na nusu magharibi zaidi. Kwa hiyo jua huzama Sindeni kama dakika 6 baada ya kuzama Chake Chake. Katika dakika hizo 6 mwezi nao huwa umejitenga na jua kwa sehemu moja ya ishirini ya digrii, maana mwendo wake wa kulikimbia jua ni kama nusu digrii kwa saa. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Mbingu ya mtu wa Sindeni na ya mtu wa Chake Chake jioni ile ni moja, na ikiwa mmoja ameona na mwingine hakuona, tusikimbilie kusema kwamba mmoja ni mwongo. Tuulize kwanza wingu, kilima na mti, kisha tuulize kila mmoja alikuwa ameshika nini mkononi.

Hapa ndipo hesabu inapoingia. Darubini ya kawaida ya madukani, ile ya miguu mitatu, huwa imeandikwa urefu wa fokasi wa lenzi yake ya mbele. Tuseme ni milimita 700. Pamoja nayo huja lenzi ndogo za jicho, nazo zimeandikwa namba zake: 25, 10, 4. Gawanya 700 kwa 25, utapata 28. Darubini inakuza mara 28. Gawanya kwa 10, inakuza mara 70. Gawanya kwa 4, inakuza mara 175. Kila lenzi ya jicho ina upana wake wa asili, na kwa lenzi nyingi za kawaida upana huo ni kama digrii 50. Gawanya 50 hizo kwa idadi ya mara inazokuza, na jibu ndilo upana wa mwono. Kwa lenzi ya 25 ni digrii 1.8. Kwa lenzi ya 10 ni digrii 0.7. Kwa lenzi ya 4 ni chini ya digrii 0.3, yaani hata mwezi mpevu hautoshei ndani yake. Na maboksi mengine huandikwa kwa fahari "mara 525". Gawanya 50 kwa 525: ni chini ya digrii 0.1, sehemu moja ya tano ya upana wa mwezi. Mwenye kununua darubini kwa ajili ya namba hiyo amenunua tundu la ufunguo.

Galileo mwenyewe, alipoelekeza darubini yake mwezini mwishoni mwa mwaka 1609, alikuwa na chombo kilichokuza mara 20 hivi na kuona kama robo digrii. Hakuweza kuuona mwezi mzima kwa mara moja. Lakini yeye mwezi alikuwa anao mbele yake, mkubwa na mweupe, wala hakuwa na kazi ya kuutafuta. Kazi ya mwandamaji wetu ni nyingine kabisa. Yeye anatafuta uzi mwembamba katika mwanga wa machweo, na hajui barabara uko wapi.

Tuseme anajua kwamba hilali itakuwa ndani ya kipande cha mbingu chenye upana wa ngumi mbili na kimo cha ngumi moja juu ya upeo wa macho: digrii 20 kwa 10. Hizo ni digrii za mraba 200. Akitumia lenzi ya digrii 0.7, kila anapotazama anapata chini ya digrii za mraba 0.4. Itambidi atazame mara zaidi ya 500 ili amalize kipande hicho, bila kurudia mahali na bila kuruka mahali. Akitumia sekunde 3 kwa kila mtazamo, kazi nzima ni dakika 25 na zaidi. Na muda huo hana. Kwetu sisi tulio karibu na Ikweta jua huzama karibu wima, na mwezi ulio digrii 8 juu ya upeo wakati jua linapozama utakuwa umezama nao baada ya nusu saa au kupita kidogo. Dakika za mwanzo mwanga ni mkali mno, za mwisho mwezi umeingia katika ukungu wa chini. Bwana huyu atarudi nyumbani akisema hakuna mwezi, na atakuwa anasema kweli kwa kadiri alivyoona. Ila mwezi ulikuwepo.

Mpe mtu huyo huyo darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50, ile wanayoipenda mabaharia. Inakuza mara 7 tu, jambo ambalo dukani huonekana kama dharau. Lakini upana wake wa mwono ni kama digrii 7, na kipande kile kile cha mbingu atakimaliza kwa mitazamo mitano au sita. Akiisha kuikuta hilali, hapo ndipo darubini kubwa iliyo kando yake ielekezwe pale, tena kwa lenzi ya 25 kwanza, ya 10 baadaye. Huo ndio utaratibu: pana kutafuta, nyembamba kuhakikisha. Na kabla ya yote, jua liwe limezama lote. Anayepitisha jua ndani ya darubini isiyo na kichujio anaweza kupoteza jicho kufumba na kufumbua, na hilo si la kufanyia majaribio.

Juu ya darubini za macho mawili nyingi pameandikwa maneno ambayo wanunuzi hawayasomi: mita 125 kwa mita 1,000, au namba nyingine ya namna hiyo. Maana yake ni kwamba ukitazama kitu kilicho mbali mita 1,000, utaona upana wa mita 125. Gawanya namba hiyo kwa 17.5 na utapata digrii. 125 inatoa digrii 7 na kidogo. Wanaohusika na uokoaji baharini wanalijua hili kwa uchungu kuliko sisi. Visiwa hivi vinakumbuka Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander, na Julai 2012, ilipozama MV Skagit. Anayetafuta kichwa cha mtu kati ya mawimbi, juu ya boti inayoyumba, hahitaji chombo cha kukuza mara 20 kinachomwonyesha kipande kidogo cha maji kinachorukaruka. Anahitaji upana, na anahitaji mkono uliotulia, na 7x50 inampa vyote viwili.

Na ikiwa darubini haikuandikwa kitu, au maandishi yake yamefutika? Anga lenyewe ni rula. Tafuta zile nyota tatu zilizopangana mstari mmoja, ambazo ziko karibu na ikweta ya mbingu. Weka moja wapo ukingoni mwa mwono, usiisogeze darubini, uiache nyota ipite katikati mpaka ipotee ukingo wa pili, huku ukitazama saa. Kila dakika 4 ni digrii 1. Ikipita kwa dakika 2 na sekunde 48, darubini yako ina digrii 0.7. Njia ya haraka zaidi ni kuitazama Kilimia, ambacho wazee wetu wakulima na mabaharia walikijua kabla ya darubini kufika. Upana wake unazidi digrii moja. Kikienea chote ndani ya chombo chako, una chombo cha kutafutia. Kisipoenea, una chombo cha kuhakikishia.

Tukija kwenye kamera, hesabu ni ile ile kwa sura nyingine. Chukua upana wa filamu, au wa kihisi kilichoshika mahali pa filamu katika kamera za leo. Ugawanye kwa urefu wa fokasi wa lenzi, kisha uzidishe kwa 57.3. Filamu ya kawaida ina upana wa milimita 36; kwa lenzi ya milimita 200 tunapata digrii 10.3. Kwa lenzi ya milimita 50 tunapata digrii 41, ingawa upana wa kweli ni karibu 40, kwa sababu pembe inapokuwa pana njia hii ya mkato huzidisha kidogo. Mwenye kutaka usahihi atagawa nusu ya upana kwa urefu wa fokasi, atatafuta pembe yake katika jedwali la tanjenti, kisha ataizidisha mara mbili. Tena asisahau kwamba lenzi ile ile ya milimita 50, ikifungwa kwenye kamera yenye kihisi cha milimita 23.6, haioni tena digrii 40 bali 27 tu. Lenzi peke yake haisemi kitu mpaka ujue nini kiko nyuma yake.

Simu za mkononi nyingi huona upana wa digrii 70 hivi. Ndiyo maana watu waliokwenda Rujewa, Wilaya ya Mbarali, kutazama jua lililopatwa na kubaki kama pete tarehe 1 Septemba 2016, wengi wao walirudi na picha za uwanda mpana na nukta moja ya mwanga juu yake. Kama picha ina nukta 4,000 kwa upana, kila digrii inapata nukta 57, na mwezi mpevu unapata chini ya 30. Lakini hilali ya siku ya kwanza si mwezi mpevu. Ikiwa iko digrii 10 kutoka kwenye jua, unene wake pale katikati hauzidi sehemu moja ya mia ya upana wa mwezi. Katika picha ile ya simu, huo ni unene wa robo ya nukta moja. Na hilali iliyo chini ya digrii 7 kutoka kwenye jua, kama alivyoonyesha mwanafalaki Mfaransa André Danjon katika miaka ya 1930, haionekani kwa jicho hata hewa iwe safi namna gani.

Basi picha ya simu iliyotumwa kutoka Sindeni, ikionyesha hilali nene na iliyo wazi jioni ya 29, inastahili kuulizwa maswali. Kuvuta picha kwa vidole viwili juu ya kioo hakupunguzi upana wa mwono wa lenzi. Kunapanua nukta zile zile. Na baadhi ya simu za siku hizi huirekebisha picha ya mwezi zenyewe, zikaongeza kile ambacho lenzi haikukiona. Hata hivyo tusiitupe picha pana. Ina faida yake moja kubwa: inaonyesha upeo wa macho, mnara, mti na kilima, kwa hiyo inaweza kusema mwezi ulikuwa upande gani na juu kiasi gani. Picha nyembamba iliyopigwa kupitia darubini inasema ni kitu gani kilichoonekana, lakini haisemi kilikuwa wapi. Ushahidi mzuri ungekuwa na picha zote mbili, zilizopigwa dakika zile zile, pamoja na saa, jina la chombo na upana wake wa mwono. Tunapendekeza kwa heshima kwamba wanaopokea habari za mwezi, Bara na Visiwani, waziulize habari hizo kwa wanaotumia vyombo. Mwenye kuona kwa jicho tupu anajulikana jinsi ya kuhojiwa tangu zamani, na hapo sisi hatuna la kuongeza.

Viongozi wa Serikali wanaosoma safu hii wasidhani kwamba mambo haya ni ya mwezi peke yake. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kazi kubwa ya kupiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, chini ya Kamisheni ya Ardhi pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Ramani zilizotoka humo msingi wake ni upana wa mwono. Kamera inayotazama chini ardhi huona upana unaolingana na kihisi chake kikigawanywa kwa urefu wa fokasi, kisha kuzidishwa kwa kimo cha ndege. Kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, na lenzi ya milimita 8.8, katika kimo cha mita 100, kinaona mita 150 kwa 100: hekta moja na nusu kwa kila picha.

Turudi Sindeni, tuseme Halmashauri inataka kupiga picha ardhi ya kijiji yenye hekta 1,000, ili mipaka yake iandaliwe kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Afisa mwenye haraka atagawa 1,000 kwa 1.5 na kuandika picha 667. Bajeti itapitishwa, na kazi itakwama. Picha za ramani hazipangwi ukingo kwa ukingo kama vigae, hupandana. Zikipandana asilimia 80 katika mwendo wa ndege na asilimia 70 ubavuni, kila picha mpya huongeza mita 20 kwa 45 tu, yaani mita za mraba 900. Hapo kijiji chetu kinahitaji picha zaidi ya 11,000. Tofauti ya 667 na 11,000 ni betri, ni siku za kazi, ni posho za wapimaji, ni kompyuta ya kuunganisha picha hizo. Mkandarasi anayeleta zabuni ya kazi kama hiyo na aulizwe mapema: kihisi chake ni cha milimita ngapi, lenzi yake ni ya milimita ngapi, ndege yake itaruka kimo gani ndani ya masharti ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na picha zake zitapandana kwa asilimia ngapi. Kwa namba hizo nne, Mkurugenzi aliye Handeni, au mwenzake aliye Wete, anaweza kuikagua bei hiyo mwenyewe kwa kalamu na karatasi kabla hajatia sahihi.